Nimebakiza Miaka 10 Nistaafu: Ni Kiasi Gani cha Pensheni Kitakachosamehewa Ushuru?

Barua ya msomaji

Kwako Mshauri,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa miaka 50, mwajiriwa wa kampuni moja ya kibinafsi hapa Nakuru, na kanuni za mpango wetu wa pensheni zinataja miaka 60 kuwa umri wa kustaafu. Nilijiunga na mpango huo mwaka wa 2015. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 90,000 kwa mwezi, na marupurupu ya nyumba na usafiri huufikisha shilingi 135,000. Kila mwezi hukatwa shilingi 6,480 za NSSF, ile hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii, na shilingi 4,500 za mpango wa kampuni, ambazo ni asilimia 5 ya mshahara wa msingi, naye mwajiri huniwekea asilimia 10. Baada ya ushuru na makato mengine ya lazima hubaki na takriban shilingi 90,000.

Mwezi huu wa Juni namaliza kulipa mkopo wa Sacco ambao umekuwa ukinikata shilingi 25,000 kila mwezi. Kwa kuwa tumezoea kuishi bila pesa hizo, nimeamua kwamba kuanzia Julai ziende zote kwenye pensheni, kwa maana nimetazama taarifa ya akaunti yangu na nikaona kwamba kiasi kilichomo hakiwezi kunitunza uzeeni.

Mwenzangu kazini ananiambia kwamba sheria siku hizi inamruhusu kila mtu kuweka shilingi 30,000 kwa mwezi bila kutozwa ushuru, na kwamba, kwa kuwa miaka yote nimekuwa nikiweka kidogo, nichukue mkopo mwingine wa shilingi 400,000 kwenye Sacco, niutie wote kwenye pensheni ili kufidia miaka iliyopita, kisha nidai ushuru niliolipa. Naomba unieleze iwapo ni kweli. Pia ningependa kujua kama bonasi ya Desemba, ambayo huwa kama shilingi 200,000, naweza kuiweka huko. Na kama pesa hizi zitatozwa ushuru siku nitakapozichukua, kwa sababu nia yangu ni kuzitoa zote nijenge nyumba za kupangisha.

Akiba yetu ya dharura ni shilingi 60,000 pekee, na kitinda mimba wetu yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi na hana pensheni yoyote. Je, naweza kutumia kikomo chake cha nafuu ya ushuru pamoja na changu?

Wako msomaji,
Mama wa Nakuru

Jibu la mshauri

Dada yangu wa Nakuru,

Nimefurahi kwamba umeandika ukiwa na takwimu zako mkononi, kwa sababu katika jambo hili jibu la mtu mmoja halimfai mwingine hata wakiwa ofisi moja. Nitaanza na kikomo chenyewe, maana maswali yako mengine karibu yote yanategemea hapo.

Mwenzako ana ukweli wa nusu. Sheria ya Kenya ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru ya mwaka wa 2024, iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, ilipandisha kikomo cha michango ya pensheni inayosamehewa ushuru kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, yaani kutoka 240,000 hadi 360,000 kwa mwaka. Asichokuambia ni kwamba hicho ni kimoja tu kati ya viwango vitatu vinavyolinganishwa, na kinachotumika ni kile kilicho kidogo kuliko vyote: kiasi ulichochanga kwa kweli, asilimia 30 ya mapato yako ya kipensheni (kwako ni mshahara wa msingi), au hizo shilingi 30,000. Chukua fomu yako ya P9 ya mwaka uliopita, ile ambayo mwajiri hukupa kuonyesha mshahara na ushuru wako wa mwaka, uitazame. Utaona safu tatu zilizoandikwa E1, E2 na E3, na safu ya E1 ni asilimia 30 ya mshahara wa msingi, wala si ya mshahara wote pamoja na marupurupu; E2 ni kiasi ulichochanga kwa kweli, na E3 ni kile kiwango maalumu cha sheria. Kwa mtu anayepokea shilingi 90,000 za msingi, asilimia 30 ni shilingi 27,000. Hicho ndicho kikomo chako, na hizo 30,000 utazifikia tu mshahara wako wa msingi utakapofika shilingi 100,000. Hili huwakosesha nafuu watu wengi ambao waajiri wao wameupasua mshahara katika marupurupu mengi, na ni jambo la kulizungumza na mwajiri wakati wa kupandishwa mshahara, kwa sababu nyongeza ikiwekwa kwenye mshahara wa msingi hupanua pia nafasi yako ya nafuu ya ushuru, na huongeza kile ambacho mwajiri anakuwekea kwa asilimia.

Jambo la pili ambalo mwenzako hakulitaja ni kwamba kikomo ni kimoja kwa michango yako yote ikijumlishwa, NSSF ikiwemo. Tangu Februari 2026, mchango wa mfanyakazi kwa NSSF ni asilimia 6 ya mapato hadi kufikia shilingi 108,000, ndiyo maana wewe unayepokea zaidi ya hapo hukatwa shilingi 6,480. Ukiongeza zile 4,500 za mpango wa kampuni, tayari umechanga shilingi 10,980. Nafasi iliyobaki chini ya kikomo chako ni shilingi 16,020 kwa mwezi. Asilimia 10 anayokuwekea mwajiri haihesabiwi katika michango yako kwenye hesabu hii, kwa hiyo usiipunguze hapo.

Sasa tazama shilingi 25,000 zako zitakavyogawanyika. Zile 16,020 za kwanza zitaondolewa kwenye mapato yako kabla ya PAYE, yaani ushuru unaokatwa kwenye mshahara, kukokotolewa, na kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wako hutozwa asilimia 30, ushuru wako utapungua kwa shilingi 4,806 kila mwezi. Kwa maneno mengine, mshahara wa mkononi utapungua kwa shilingi 11,214 tu, ilhali pensheni itapokea 16,020. Zile 8,980 zilizobaki hazitapata nafuu yoyote kupitia pensheni: utakuwa umezilipia ushuru kama kawaida, kisha umezifungia mahali usipoweza kuzifikia ukizihitaji. Sioni sababu ya mtu mwenye hali kama yako kufanya hivyo. Kama bado unataka kuvuka kikomo, waulize kwanza wadhamini, yaani wasimamizi, wa mpango wenu jinsi wanavyoiweka ziada hiyo, maana faida ya uwekezaji ndani ya mfuko uliosajiliwa haitozwi ushuru, lakini baadhi ya mipango huiweka michango iliyozidi kikomo katika akaunti ya kando ambayo haina msamaha huo.

Kabla ya kuendelea, niseme juu ya mkopo, kwa sababu ndilo jambo lililonitia wasiwasi zaidi katika barua yako. Tafadhali usiuchukue. Sheria ya Kenya haimruhusu mtu kubeba nafasi ambayo hakuitumia mwaka mmoja akaitumia mwaka unaofuata. Uingereza wana utaratibu wa namna hiyo, ambao humwezesha mchangiaji kurudi nyuma miaka 3, na pengine mwenzako alisoma habari za huko, sisi hatunao. Nafasi ulizoziacha kati ya 2015 na mwaka jana zimekwisha, na hakuna mkopo utakaozirudisha. Ukitia shilingi 400,000 kwa mkupuo mwaka huu, sehemu kubwa ya pesa hizo itavuka kikomo cha mwaka na haitapata nafuu hata shilingi moja. Riba ya Sacco nayo utailipa kutoka kwa mshahara uliokwisha kutozwa ushuru. Na jambo zito kuliko yote ni kwamba, kazi ikiisha ghafla, deni litabaki likikudai huku pesa ulizokopa zikiwa zimefungwa katika mfuko ambao sheria inakuzuia usiuguse upendavyo. Nafuu ya ushuru ni njema, lakini ni theluthi isiyotimia ya pesa uliyoweka. Haiwezi kuibeba hatari ya namna hiyo kwa mama mwenye akiba ya shilingi 60,000 na mwana chuoni.

Kuna jambo moja la miaka iliyopita ambalo bado laweza kukufaa, nalo ni tofauti na alilokuambia mwenzako. Mchango ambao hukuutoa hauwezi kudaiwa, lakini mchango uliotoa na usihesabiwe waweza kudaiwa. Zitoe P9 zako za miaka ya karibuni ulinganishe safu ya E2 na hati zako za mshahara. Zipo idara za mishahara ambazo ziliandika mchango wa mpango wa kampuni pekee na kuisahau NSSF. Ukikuta hivyo, unaweza kurekebisha ritani, yaani taarifa yako ya ushuru, ya mwaka husika kwenye iTax, mtandao wa mamlaka ya ushuru, ndani ya miaka 5, na kudai ushuru uliozidi. Kumbuka tu kwamba kabla ya mabadiliko yale ya Desemba 2024 kikomo kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi.

Kuhusu bonasi, nina habari nzuri kidogo. Kikomo huhesabiwa kwa mwaka mzima wa ushuru, Januari hadi Desemba, hata ingawa idara ya mishahara hukitumia mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo nafasi uliyoiacha kati ya Januari na Juni mwaka huu haijapotea bado. Ukianza kuchanga zile 16,020 mwezi wa Julai, utakuwa bado na nafasi ya zaidi kidogo ya shilingi 96,000 kutokana na miezi hiyo ya mwanzo, na sehemu hiyo ya bonasi ukiiweka kwenye mpango kabla ya tarehe 31 Desemba itapata nafuu ya ushuru, ambayo ni karibu shilingi 29,000. Sehemu inayozidi hapo ibaki mkononi mwako. Ila ujue kwamba mfumo wa mishahara, kwa kuwa unapima kila mwezi peke yake, huenda usikupe nafuu hiyo papo hapo. Ikiwa hivyo, itakubidi uidai kwenye ritani yako, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, ukiwa na barua ya wadhamini au taarifa ya mfuko inayoonyesha kiasi na tarehe ya mchango. Marejesho ya ushuru huweza kukawia, kwa hiyo usiyapangie karo. Kwa miaka itakayofuata, ambapo utakuwa umejaza nafasi yako mwezi kwa mwezi, bonasi haitakuwa tena na nafasi ya kuingia, na ni vyema uipangie kazi nyingine.

Naja kwenye ushuru wa siku ya kuchukua. Hapa sheria ile ile ya 2024 iliwatendea wema wastaafu kuliko watu wengi wanavyofahamu. Mafao yanayolipwa na mfuko uliosajiliwa hayatozwi ushuru ikiwa mwanachama amefikia umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za mpango, au amelazimika kutoka kwa sababu ya afya, au ametimiza miaka 20 tangu ajiunge. Wewe utakapofikisha miaka 60, mwaka wa 2036, utakuwa umetimiza sharti la kwanza na pia la tatu. Hii ina maana kwamba pesa yako itakuwa haikutozwa ushuru ilipoingia, haikutozwa ilipokuwa ikizaa, na haitatozwa itakapotoka. Ni vigumu kuipata akiba nyingine nchini yenye upole wa namna hiyo, na ndiyo maana nakuhimiza kwa moyo wote uijaze nafasi yako ya 16,020, hata ingawa nakuzuia usivuke hapo.

Lakini yatazame masharti hayo kwa makini. Ukiacha kazi ukiwa na miaka 55, utakuwa na miaka 16 ya uanachama, na ukizitoa pesa wakati huo kabla ya umri wa kustaafu, msamaha huo hautakulinda na sehemu ya nafuu uliyofurahia itarudi kwa KRA, mamlaka ya ushuru. Mtu akibadilisha kazi, njia iliyo salama ni kuhamishia mafao yake katika mpango mwingine uliosajiliwa, au katika mpango binafsi wa pensheni, kwa sababu uhamisho wa namna hiyo hautozwi ushuru.

Na hapo pana jambo jingine ambalo nadhani hujaambiwa. Unasema utazitoa zote ujenge nyumba za kupangisha. Uliza leo, kwa maandishi, kama mpango wenu ni wa pensheni au ni wa akiba ya mkupuo. Katika mpango wa pensheni, mstaafu huruhusiwa kuchukua theluthi moja tu kwa mkupuo, na theluthi mbili zinazobaki hununua malipo ya kila mwezi kutoka kwa kampuni ya bima, au huwekwa katika mfuko anaotoa kidogo kidogo kwa muda usiopungua miaka 10. Mpango wa akiba ya mkupuo ndio unaolipa chote kwa pamoja. Jina la mpango halitoshi kukujulisha, maana watu huita kila kitu pensheni. Jibu liko katika hati ya udhamini na kanuni zake, na kila mwanachama ana haki ya kuziona. Ikiwa ni wa pensheni, ndoto ya nyumba za kupangisha itabidi itafutiwe pesa nyingine, na ni afadhali ulijue hilo sasa kuliko siku ya kuaga.

Kwa hiyo ningekushauri upange zile 25,000 hivi. Kuanzia Julai, iandikie idara ya mishahara barua ukiomba ukatwe shilingi 16,020 za mchango wa ziada wa hiari, na usisitize kwamba zikatwe kabla ya PAYE. Kwa kuwa ushuru wako utapungua, utabaki na shilingi 13,786 kati ya zile 25,000 ulizozoea kuishi bila. Usiziongeze kwenye pensheni. Unasema familia imekuwa ikiishi kwa kama shilingi 65,000 baada ya mkopo kukatwa, na akiba ya dharura ya miezi 3 kwa matumizi hayo ni shilingi 195,000. Kutoka 60,000 ulizonazo, kwa hizo 13,786 kila mwezi, utafika huko kwa takriban miezi 10, au mapema zaidi ukitumia ile sehemu ya bonasi isiyopata nafuu. Akiba hiyo iwe mahali unapoweza kuitoa kwa siku chache, si kwenye hisa za Sacco ambazo hungoja mpaka ujiondoe.

Baada ya hapo kuna mlango ambao wafanyakazi wengi bado hawajaujua. Sheria ya 2024 iliruhusu mchango wa hazina ya matibabu ya baada ya kustaafu uondolewe kwenye mapato yanayotozwa ushuru, hadi shilingi 15,000 kwa mwezi, na kikomo hiki kiko kando kabisa na kile cha pensheni. Uliza kama mpango wenu una hazina hiyo. Ukiweka humo, tuseme, zile 8,980 zilizokosa nafasi kwenye pensheni, utapunguziwa ushuru wa shilingi 2,694 nyingine. Sharti lake ni kwamba pesa hizo ni za kugharimia matibabu baada ya kustaafu na si za jambo jingine, na kwa mtu mwenye umri wako sioni kama ni sharti baya, kwa kuwa bima ya kampuni hukoma siku kazi inapokoma na bima za kibinafsi huwa ghali kwa mtu aliyepita miaka 60. Hata hivyo, isitangulie akiba ya dharura.

Utakapopata hati ya mshahara ya kwanza baada ya mabadiliko, kagua mambo mawili: kwamba jumla ya michango ya kustaafu iliyoondolewa kabla ya ushuru ni 27,000, na kwamba PAYE imeshuka kwa shilingi 4,806. Ikiwa mchango umekatwa na PAYE haijashuka, wameukata baada ya ushuru, na ni rahisi kusahihisha mwezi huo huo kuliko kungoja ritani. Januari inayofuata, linganisha tena na P9, kisha na taarifa ya mfuko, ili uhakikishe kwamba kilichokatwa kilifika.

Kuhusu mume wako, huwezi kutumia kikomo chake. Nafuu ya ushuru ni ya mchangiaji juu ya mapato yake mwenyewe, na hakuna kushirikiana baina ya mume na mke. Yeye anaweza kufungua mpango binafsi wa pensheni uliosajiliwa na Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni, RBA, na kudai nafuu katika ritani yake, lakini mwulize kwanza analipa ushuru wa aina gani. Ikiwa duka linalipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3, ambao huwahusu wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ushuru huo hukokotolewa juu ya mauzo yote bila kuondoa gharama wala mchango wowote, kwa hiyo hatapata nafuu hiyo kwa mapato ya duka. Anaweza kumwandikia Kamishna aombe kurudi kwenye ushuru wa mapato wa kawaida, ambao huondoa gharama na michango ya pensheni, ila atahitaji vitabu vya hesabu vilivyo sawa. Hata bila nafuu anapoingiza, mpango huo bado utamfaa, kwa kuwa faida yake haitozwi ushuru ndani ya mfuko. Akae na mhasibu wake wapige hesabu za njia zote mbili kwa mauzo ya mwaka jana kabla ya kuamua.

Wako,
Mshauri